Mshenga wa Shaba

Mtoto akisema kifua kinamchoma, fundi umeme ana sababu mbili za kushtuka. Ya kwanza ni mtoto. Ya pili ni kwamba huenda aliyemchoma ni fundi.

Siku ile nilikuwa nazo zote mbili, na chai yangu haijapoa.

Ilikuwa saa nane na robo mchana. Mvua ilikuwa imetukalia siku ya nne mfululizo, ukungu umeingia mpaka karakanani, na mimi nimeipasua mota ya mashine ya kusaga ya mtu, shaba imemwagika mezani kama utumbo wa mbuzi siku ya harusi. Simu ikaita. Alikuwa Lugano, jirani wa nyumba ya tatu, mke wa binamu wa mume wangu. Lugano hapigi simu. Lugano hupiga kelele dirishani. Nikajua kuna jambo.

"Tuse, umemfanya nini mwanangu?"

"Salamu kwanza, mama wee."

"Salamu baadaye. Anyisile analia. Anasema moyo wake mpya una pilipili."

Kicheko kilishafika kooni, nikakimeza. "Weka kiganja juu ya kovu. Usibonyeze. Pakoje?"

Nyuma yake nikamsikia mtoto akivuta kamasi.

"Pamoto. Kama kifuniko cha sufuria. Na ngozi imekuwa nyekundu, Tuse, imeiva."

Nikageuka kuitazama mita ukutani. Sindano ilikuwa kwenye ampea kumi na tisa. Wiki mbili nyuma ilikuwa kumi na moja. Hakuna jini aliyeipandisha. Ni mkono huu huu ulioshika simu.

Hapa kwetu, Mteremko wa Tisa, nyumba ni ishirini na sita na hakuna hata moja yenye waya wa kuchomeka. Miaka ya wizi wa shaba ilitufunza adabu: waya unaoonekana ni wa mwizi. Shaba yetu yote tumeifukia kutani. Kule juu, mvuke wa mlima unakogeuzwa umeme, umeme unatoka mkali kama mbwa mwenye watoto, kwa hiyo kabla ya kuingia nyumbani kwa watu hupitia kwanza kwenye transfoma yangu, pipa la kijivu lililojaa mafuta nyuma ya karakana. Ndani ya pipa mna chuma kimoja, na kwenye chuma hicho koili mbili: moja ya mizunguko elfu tatu, nyingine ya mizunguko sitini. Hazigusani. Hazijawahi kugusana. Umeme wa koili ya kwanza unakwenda na kurudi, na kila ukigeuka, usumaku wa chuma nao unageuka. Usumaku ukigeuka katikati ya koili ya pili, koili ya pili inaamka na kutoa umeme wake yenyewe. Mizunguko ikipungua, msukumo unashuka na mkondo unapanda. Umeme uliotulia, usiokwenda na kurudi, haumwamshi mtu. Nimeona ndoa nyingi zilizolala kwa sababu hiyo hiyo.

Kutoka hapo kuna kisanduku kinachouharakisha kwenda na kurudi kwake, kisha mkondo mmoja unapita kuta zote, nyumba baada ya nyumba, kama uzi kwenye shanga. Kila ukuta una koili kubwa, upana wa meza. Kila taa, kila jiko, na mioyo miwili ya pampu tuliyo nayo, ina koili yake ndogo ya kupokea. Ukiuvuta uzi, shanga zote zinasogea. Vidhibiti vya kila nyumba peke yake nilikwisha kuviagiza. Vilikuwa ndani ya gari lililokwama ng'ambo ya maporomoko ya udongo, pamoja na koili ya mkono ya zahanati ya kuchajia moyo popote, pamoja na wanaume wote wenye sepetu, pamoja na mume wangu.

Kwa hiyo nilikuwa na kigurudumu kimoja tu cha kuzungusha, na shanga zote.

"Nimtoe nje?" Lugano aliuliza.

"Usithubutu!"

Anyisile ana miaka saba. Alikuwa na wiki tatu tangu apasuliwe. Pampu ya mtu mzima ina betri ndani, akiba ya saa kadhaa. Ya mtoto betri huwekwa mwezi wa tatu baada ya kupasuliwa, kidonda kikishakomaa. Alikuwa akiishi moja kwa moja kutoka ukutani, sekunde kwa sekunde. Umeme mwingi unamchoma, na umeme ukikatika anazimika. Hata kitanda chake, kisisogee karibu wala mbali na ukuta, nilikifunga sakafuni kwa skrubu, kwa kipimo changu mwenyewe, kwa maringo yangu mwenyewe.

Nikashusha kigurudumu taratibu. Kumi na saba. Kumi na nne. Kumi na moja.

"Ananyamaza," Lugano akasema baada ya dakika. "Anasema pilipili inapoa."

"Haya, mwekee kitambaa cha maji ya—"

Kishikwambi changu kikalia mezani. Moyo wa pili ulikuwa unaniletea taarifa. Akiba: dakika ishirini na mbili.

*

Moyo wa pili ni wa baba mkwe wangu. Jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau; hapa kwetu mkamwana halitaji jina la baba mkwe, hamtazami, haongei naye, hakai naye chumba kimoja. Zamani watu walikwisha kuudharau mwiko huu, lakini tulipohamishiwa huku juu na kila kitu cha zamani kikabaki chini ya majivu ya mlima, wazee walikaa wakaulizana nini kirudi nao. Huu ukarudi.

Kwa miaka kumi na mmoja nimeishi katika mji wa yule mzee na ninamjua kama kikohozi, kama mlio wa fimbo, kama ncha ya blanketi inayopotea kwenye kona. Na msidhani mwiko ni mzigo wa mwanamke peke yake. Mwaka wa masika makubwa tulikutana njiani kwenye ukingo mwembamba, mimi nina mimba ya miezi minane na ndoo kichwani. Nikaanza kutafuta pa kujificha. Nilipoinua macho njia ilikuwa tupu. Yeye, na mguu wake mbovu, alikuwa ameteremka kwenye matope hadi magotini, akanigeuzia mgongo, ili mimi nipite pakavu. Watu wengi wamenitazama usoni maishani mwangu. Wachache walinipa heshima ya mgongo ule.

Moyo wake ulipochoka, mimi ndiye niliyemsukia koili. Niliipachika kwenye ukuta unaotenganisha karakana yangu na chumba chake, kitanda kikiwa upande wa pili kimeugusa ukuta, ili nimhudumie bila kumwona. Nilijiona mjanja kuliko sungura.

Kisha, siku kumi na mbili kabla ya siku hii, akiba yake ikaanza kushuka. Nikasema ni unyevu wa mvua umeingia ukutani. Nikapandisha ampea moja. Ikashuka tena, nikapandisha tena. Nilimuuliza mama mkwe, "Mama, Mzee analala vizuri?" Akanijibu, "Vizuri kuliko zamani!" Basi nikapandisha tena nikarudi kwenye mota zangu nikiimba.

Sasa nikagonga ukuta kwa nyundo. Mama Ambakisye, mama mkwe wangu, ni mzito wa masikio. Husikia ngoma, radi, na umbea.

"MAMA!"

"Nini? Nyumba inaungua?"

"Mzee yuko wapi?"

"Kitandani! Atakuwa wapi, dansini?"

"Kitanda kiko wapi?"

Miguu yake ikaburuza sakafuni, miguu ya mtu anayetafuta jibu litakalomgharimu kidogo.

"Mama. Kitanda kimegusa ukuta?"

"Kilihamishwa," akasema. "Kiko dirishani."

Niliona ampea zote nane nilizopandisha zikipita mbele yangu moja moja, kila moja inanisalimia.

"Nani alikihamisha?"

"Ambakisye na wenzake, alipokuja likizo. Mzee alisema si adabu. Ukuta mmoja tu, yeye amelala huku, na mke wa mwanawe anapumua kule. Alisema amekosa usingizi kwa aibu mwaka mzima."

Dakika kumi na tisa.

Usumaku wa koili ni mchoyo wa safari. Karibu na koili unajaa tele, lakini ukishavuka upana wa koili yenyewe, kila ukizidisha umbali mara mbili hauachiwi nusu; unaachiwa kama sehemu moja ya nane. Kitanda kilikuwa kimesogea hatua mbili kubwa, na kwa siku kumi na mbili nilikuwa nikipiga kelele kwa mtu aliyekwisha kuondoka mlangoni, huku mtoto wa nyumba ya tatu akipasuka masikio.

Nikampigia Ambakisye, mume wangu. Nilisikia sepetu na mvua.

"Ulikihamisha kitanda cha baba yako?"

"Ndiyo. Si uliona?"

"Nione kwa jicho lipi, Ambakisye? Ninaruhusiwa kuingia chumbani kwake?"

Alikuwa mwana wa yule mzee na mume wa fundi, na kati ya hao wawili hakuna aliyekumbuka kumwambia mwenzake.

"Nilidhani mama amekwambia," akasema.

"Mama alidhani umeme ni umeme, kama harufu ya maandazi, unafika popote. Ana dakika kumi na nane."

"Tuse, ingia. Sukuma kitanda. Mila haina mapigo ya moyo. Mimi mwanawe nakuruhusu."

Ni rahisi kutoa ruhusa ya mwili usio wako. Lakini alikuwa na hoja, na nilikuwa nimeshasimama.

*

Mlango wa chumba cha Mzee ni wa mbao za msindusi, una komeo la nje. Nilijitupia khanga kichwani, nikainamisha uso, nikasimama pembeni yake.

"MAMA! Mwambie Mzee kitanda lazima kirudi ukutani. Mwambie naingia kukisukuma. Nitafumba macho."

Mle ndani nikasikia sauti ya Mzee, nyembamba, hewa nyingi kuliko maneno. Sikuyashika. Kisha miguu ya mama mkwe ikaburuzika hadi mlangoni.

"Anasema usiingie."

"Mama, atakufa."

"Nimemwambia. Anasema anajua." Alivuta pumzi. "Anasema tangu augue, kila mtu amemwona. Madaktari wamemwona, wauguzi wamemwona, hata mafundi wa pampu walikuja wakamfunua kifua kama kabati. Kilichobaki chake ni hiki kimoja. Anasema ukiingia, utakuta mtu amekwisha kutoka."

"Basi wewe sukuma. Au aje Lugano."

"Mimi na nyonga hii? Kitanda cha mninga? Na Lugano si mke wa mtoto wa kaka yake? Naye ni mkwe!"

Mteremko mzima ni ukoo mmoja. Kila mwanamke mwenye mabega siku ile alikuwa mkwe wa yule mzee, na kila mwanaume mwenye mabega alikuwa ng'ambo ya udongo. Yeye mwenyewe kusimama asingeweza. Angemaliza akiba yote kwa hatua tatu.

"Kuna jingine," mama mkwe akasema, na safari hii hakupiga kelele. "Amesikia habari za Anyisile. Anasema hicho kigurudumu chako usikiguse. Mtoto asiungue kwa ajili yake."

Nikarudi karakanani. Dakika kumi na sita.

Niwaambie ukweli: nilikitazama kigurudumu. Ukikirudisha kumi na tisa, Mzee anavuka mchana na hakuna mwiko uliovunjika, na nani angejua ni kwa nini ngozi ya mtoto imeiva? Ningesema ni kidonda. Nyama ya mtoto haina fyuzi inayokatika na kuacha ushahidi. Nikafikiria kumi na tano, katikati, pale wanapopapenda watu wenye hekima. Nikapiga hesabu. Katikati palikuwa panamchoma mtoto polepole na kumuua Mzee polepole, na mimi ningejiita mwadilifu mara mbili.

Ukabaki mlango. Niingie nimwokoe mtu aliyesema kwa akili timamu kwamba hataki? Nikimwacha afe nitakuwa nimemheshimu. Nikiingia atakuwa hai, na atakuwa amenyang'anywa kile kimoja alichobakiza, na aliyemnyang'anya atakuwa yule ambaye yeye alimpisha njia.

Nikaamua hivi, na mpaka leo sijui kama niliamua vyema: dakika ya nne naingia. Anichukie akiwa hai. Lakini kabla ya hapo nilikuwa na dakika kumi na mbili, na mikono.

Kuna jambo ambalo fundi aliyenifunza kazi alinionyesha mara moja, kama mazingaombwe, siku mafunzo yalipokuwa yanachosha. Chukua koili mbili zilizo mbali mno kusikiana. Weka ya tatu katikati. Hii ya tatu haijaungwa popote, haina betri, haina waya wa kwenda wala kurudi, ila kapasita moja ndogo, kijikopo cha kutunzia umeme, ya kuipa mwendo wake wa kwenda na kurudi. Ikiwa mwendo wake unalingana na wa wenzake, inaitikia. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja: anayeshika mdundo wa mwenzake hatumii nguvu, mchi unajipandisha. Koili ya katikati inashika mdundo wa ya kwanza, inaukuza, inaukabidhi kwa ya pili. Aliyekosea mdundo anagonga mchi wa mwenzake tu.

Fundi wangu aliiita mshenga. Watu wa pande mbili wasioweza kusemezana hawahitaji sauti kubwa. Wanahitaji mtu wa katikati anayejua lugha ya kote.

Nikahitaji kitu cha duara, kipana, kisicho cha chuma. Kwenye msumari wa mlango palining'inia ungo wa mama mkwe.

"Mama, nisamehe," nikasema, nikauchukua.

Nilisuka kama mtu anayekimbizwa. Waya mnene wa shaba wenye vanishi, kwenye ukingo wa ungo, mzunguko juu ya mzunguko, nikihesabu kwa sauti ili nisikosee. Kumi na nane. Kumi na tisa. Waya ulinikata kidole gumba, nikaendelea. Mizunguko mitatu ya mwisho sikuibana. Niliiacha legelege, kwa sababu mizunguko ikibanana mwendo unapungua kasi, ikiachana unaongezeka, nami nilihitaji mahali pa kurekebishia. Nikachomea kapasita. Nikausogeza ungo mbele ya ukuta, taa ndogo ya majaribio mkononi. Nikabana, nikaachia. Taa ikawaka nyekundu, kisha njano, kisha ikaniumiza macho.

Dakika nane.

*

Mama mkwe aliufungua mlango kidogo, upana wa mkono. Nikaupitisha ungo nikiwa nimeutazama ukuta wa nje.

"Ungo wangu!"

"Nitakununulia mwingine, mama. Utundike kwenye kamba ya chandarua, katikati ya ukuta na kitanda. Uso wake umtazame Mzee."

"Umtazame nani?"

"MZEE!"

Nikarudi mbio upande wangu wa ukuta. Nikasikia kiti kikiburutwa, kamba ikilia, mama mkwe akilaani chandarua. Kishikwambi: dakika saba. Sita na nusu. Akiba ilikuwa bado inashuka kwa kasi ile ile.

Bila shaka. Mle ndani mna sanduku la bati la vitenge vya mama mkwe, mna paa la mabati karibu na kichwa. Chuma kikikaa jirani na koili, mdundo unapotea kidogo. Uliolingana karakanani haulingani chumbani.

"MAMA! Kuna nyaya tatu legelege pale pembeni. Zisogeze pamoja, kidogo kidogo! Mzee akisikia pampu inatetemeka kifuani, ndipo penyewe!"

Kujaa kwa pampu hakuna mlio wa kusikika nje. Anayeujua ni mwenyewe peke yake, mtetemo kwenye mbavu, kama paka anayekoroma.

"Nimesogeza!" mama akapaza sauti. "Mzee, vipi?"

Sauti ya Mzee, hewa tupu.

"Nini? Sema tena!"

Hewa.

"Anasema... Mzee, unasema bado au unasema hapo?"

Dakika tano na nusu. Nilielewa tulipokwama. Yeye hakuwa na pumzi ya kumpigia kelele mke mzito wa masikio, na mke alikuwa akibana na kuachia kama anayekamua ng'ombe gizani. Palipotakiwa sekunde moja tulitumia ishirini. Mimi, sikio langu limebandikwa ukutani, nilikuwa nayasikia maneno yake karibu yote. Lakini hayakuwa yangu.

Dakika tano. Nikavaa khanga vizuri. Nikaenda mlangoni, nikashika komeo. Lilikuwa baridi na limelowa, na nikaona kidole changu kimeliachia damu.

Ndipo nikasikia kikohozi. Kile ninachokijua kwa miaka kumi na mmoja, kikohozi cha kuonya kwamba anapita. Kisha sauti, polepole, kila neno limepimwa:

"Wewe koili."

Mama mkwe akaachia nyaya. Mimi nikaganda.

"Wewe koili," Mzee akarudia. "Nasema na wewe. Sisemi na mtu mwingine yeyote. Umenisikia?"

Komeo likanitoka mkononi. Nikarudi ukutani, nikabandika mdomo karibu na shaba.

"Koili," nikasema, na sauti yangu ikanishangaza kwa udogo wake, "mwambie Mzee koili imesikia."

"Koili. Kitambo kidogo ulitetemeka. Sasa umenyamaza."

"Koili, basi umebanwa kupita kiasi. MAMA, ACHIA KIDOGO! Waya mmoja tu!"

"Naachia!"

"Bado," akasema Mzee.

"KIDOGO TENA, MAMA!"

"Bado... bado, wewe koili... unakuja..." Akapumua. Dakika nne na sekunde kumi. "Unakuja... umepita. Rudi."

"MAMA, RUDI! UPANA WA UNYWELE!"

Nikatazama kishikwambi. Dakika nne. Nilikuwa nimeapa. Miguu yangu ilikwisha kugeukia mlango, na ninaapa tena kwamba ilikuwa inakwenda, wakati aliposema neno moja, na alilisema kama mtu anayeonyeshwa mahali pa kukaa baada ya kusimama siku nzima.

"Hapo."

Nambari ikasimama. Nne. Nne. Nne. Kisha ikawa tano.

Kigurudumu kilikuwa kwenye kumi na moja. Sikukigusa.

*

Jioni mvua ilipopungua nilikwenda kwa Lugano. Anyisile alikuwa amelala, mdomo wazi, kitambaa kifuani. Nikakiinua. Palikuwa na alama nyekundu, duara, saizi ya kizibo cha soda, na katikati ngozi imeanza kutunga maji.

"Daktari amesema kwa simu itapona," Lugano alisema. "Amesema alama itabaki. Ni pampu mbovu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Pampu haina mdomo.

"Pampu ni nzima. Ni mimi. Kwa siku kumi na mbili nilikuwa napandisha mkondo bila kujua kwa nini akiba ya Mzee inashuka. Nilikisia."

Mimi na Lugano tumetaniana tangu tulipoolewa. Hajawahi kukosa jibu la kunipa.

"Kwa hiyo umekuwa ukimpika mwanangu kidogo kidogo, huku unaimba. Nilikuwa nakusikia ukiimba."

"Ndiyo."

"Hilo kovu utamweleza wewe," akasema. "Siku akiuliza, sitamjibu. Nitamleta kwako." Akachukua kitambaa mkononi mwangu, akakirudisha kifuani pa mtoto. Chai hakunikaribisha, na mimi sikuingoja.

Kesho yake asubuhi barabara ikafunguka. Ambakisye alirudi na matope hadi kwenye nyusi, akasimama mlangoni mwa karakana kama mtuhumiwa. Nikamwambia akamuulize baba yake kama kitanda kirudi ukutani, sasa kwa kuwa wenye mabega wamerudi. Kabla hajaondoka, ukuta ukakohoa.

"Wewe koili."

Ambakisye akanitazama, macho yamemtoka. Nikaweka kidole mdomoni.

"Koili, mwambie aliyekusuka kitanda kitabaki dirishani. Nawe ubaki hapo ulipo. Mama Ambakisye atatafuta ungo mwingine."

"Sitatafuta!" ikasikika sauti ya mama mkwe. Hilo alilisikia.

"Na mwambie hivi," Mzee akaendelea. Sauti ilikuwa imepata nyama. "Siku nyingine mita ikimchanganya, kabla hajashika hicho kigurudumu, aulize."

Maneno yale yalinikaa mahali pale pale pa kidole kilichokatwa. Nikasogea ukutani.

"Koili," nikasema, "amuulize nani?"

Fimbo ikagonga sakafu mara moja, mbili. Nikadhani nimevuka mpaka na nimelipoteza hata lile dogo tulilopata.

"Mimi," akasema. "Kupitia kwako."

Ambakisye alijidai anafuta matope usoni. Nikaweka kiganja juu ya plasta, pale shaba ilipo. Ukuta ulikuwa wa baridi, kama inavyotakiwa.

"Koili," nikasema, "muulize Mzee amelalaje."